Karo Kubwa na Mlango wa Chuo Kikuu

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyemtukuza Adamu kwa elimu. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake. Amma baad.

Ndugu zetu Waislamu, swali lisikikalo sana mabarazani mwetu ni hili: je, ni lazima mtoto asomeshwe shule ya kulipia ndipo apate nafasi katika masomo ya juu yenye mashindano makali, kama uganga na uhandisi? Wazazi wengi wameitakidi kuwa ndivyo, na kwa itikadi hiyo wameuza viwanja na dhahabu walizorithi. Yatupasa tulipime jambo hili kwa mizani ya akili na ya sheria, wala si kwa mizani ya kushindana na majirani.

Ama kutafuta elimu ni faradhi, na hilo halina mjadala. Baada ya vita vya Badr, mwaka wa 2 wa Hijra, wafungwa waliojua kuandika walipewa kujikomboa kwa kuwafundisha watoto wa Madina. Tutazame: walimu hawakuwa Waislamu, na mtoto hakutozwa kitu. Na marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, katika gazeti lake Al-Islah lililoanza mwaka 1932, aliwahimiza watu wa pwani hii washike elimu ya kisasa pamoja na dini yao.

Tuseme kwa insafu: shule za kulipia zina manufaa. Serikali ya Kenya ilipoondoa karo za shule za msingi mwaka 2003, madarasa ya umma yalifurika, na wazazi waliojiweza wakawahamisha watoto wao. Wataalamu waliochunguza mtihani wa darasa la nane walikuta kuwa shule za kulipia zapata alama za juu zaidi. Alama hizo zikawafungulia wanafunzi wao milango ya sekondari za kitaifa, hata mwaka 2011 serikali ikawawekea mpaka wa nafasi. Basi asemaye kuwa shule hizo hazina faida yoyote, amesema asilolijua.

Lakini hapa ndipo watu wengi hughafilika. Sekondari za kitaifa zenyewe zilizokuwa zikigombaniwa, kama Alliance na Mang'u, ni za umma. Na mwaka 2014 wataalamu wawili, Adrienne Lucas na Isaac Mbiti, walitoa uchunguzi uliowalinganisha wanafunzi walioingia shule hizo kwa alama chache tu na wale waliozikosa kwa alama chache tu. Katika mtihani wa mwisho wa sekondari, tofauti baina yao ilikuwa ndogo mno. Maana yake ni nini? Shule ikusanyayo wanafunzi hodari, si ajabu kutoa matokeo hodari. Mtu anunuaye nguru sokoni hasifiwi kwa uvuvi.

Tena wanaogawa nafasi za vyuo vikuu hawaulizi baba alilipa kiasi gani. Kwa wanafunzi wa mfumo wa 8-4-4, kima cha chini cha kuingia shahada ni alama ya C+, kisha hutazamwa masomo manne yanayohusu fani aitakayo mwanafunzi. Atakaye uganga naye ni dhaifu katika kemia, sare ya shule ya fahari haitamwombea. Basi mzazi, kabla ya kuuliza karo, uliza: je, mwalimu wa kemia yupo? Maabara yapo? Na mtoto wangu akirudi nyumbani, hufungua kitabu au huzurura?

Yamebaki mambo mawili ya sheria. La kwanza, wako wakopao kwa riba ili walipe karo. Nia njema haihalalishi haramu. Na elimu iliyonunuliwa kwa riba, baraka yake itatoka wapi? La pili, wako wamwachishao binti masomo ili karo ya kaka yake ipatikane. Mtume, rehema na amani zimshukie, alikataa kumshuhudia babake Nu'man bin Bashir alipotaka kumpa mwana mmoja pasipo wenziwe. Kila mtoto apewe kwa kadiri ya haja yake, wala asidhulumiwe mmoja kwa ajili ya sifa ya mwingine.

Dawa tunayo sisi wenyewe, nayo ni wakfu na kusaidiana. Chuo cha elimu ya Waislamu cha Mombasa, kilichoasisiwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa michango ya Sultani wa Zanzibar, Aga Khan na Mabohora pamoja na serikali, ndicho leo Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Waliotangulia walichanga, sisi twalipa kila mtu peke yake na kunung'unika peke yake. Madrasa zetu zina majengo na taa. Vijana wetu waliohitimu vyuo wanaweza kufundisha hesabu na sayansi humo jioni, kwa ujira mdogo kwa watu na mkubwa kwa Mungu. Hapo mtoto wa hamali na mtoto wa tajiri watakaa jamvi moja.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awape watoto wetu elimu yenye manufaa, nasi atupe riziki ya halali ya kuwasomeshea. Wabillahi tawfiq.