Jiji Lililobadilisha Sare

Mwaka 1966, mkazi wa mtaa wa Hill District mjini Pittsburgh, Marekani, akianguka ghafla nyumbani kwake, waliokuja kumchukua walikuwa polisi. Walikuja na karandinga lilelile lililobeba washukiwa usiku uliotangulia. Walimlaza mgonjwa nyuma kwenye machela, wakafunga mlango, wakakaa wote mbele, safari ikaanza. Huko nyuma hapakuwa na wa kumwinua kidevu ili apumue, wala wa kukandamiza jeraha linalovuja damu. Sehemu nyingine za nchi kazi hiyo ilifanywa na kampuni za mazishi, kwa kuwa magari yao ndiyo ambayo mtu angeweza kulazwa chali.

Hill District ulikuwa mtaa wa Wamarekani weusi. Upande wake wa chini ulikuwa umebomolewa kupisha mipango ya jiji, ukiwamo ukumbi mkubwa wa michezo uliofunguliwa mwaka 1961, na maelfu ya watu wakahamishwa. Kwa hiyo sare ya polisi ikitokea mlangoni ilikuwa imeshasema kabla mvaaji hajafungua kinywa. Wapo waliokuwa radhi kuugulia ndani kuliko kumwita mtu waliyemwogopa. Ninamwomba msomaji, hasa mwenye madaraka ya kununua magari ya wagonjwa na kushonesha sare, akiweke akilini kipengele hiki: kabla ya dawa na kabla ya machela, mgonjwa huwa anatazama nani amekuja.

Novemba mwaka huohuo, David Lawrence, aliyekuwa amewahi kuwa meya wa Pittsburgh na kisha gavana wa jimbo la Pennsylvania, alianguka akihutubia mkutano wa kisiasa. Moyo wake ulirudishiwa mapigo, lakini ubongo ulikuwa umeshakaa mno bila hewa. Hakuzinduka tena, na wiki chache baadaye akafariki. Miongoni mwa madaktari waliomhudumia alikuwa Peter Safar, mzaliwa wa Vienna, daktari wa usingizi ambaye katika miaka ya 1950 alikuwa mmoja wa waliothibitisha kwamba pumzi ya mtu mmoja, ikipulizwa mdomoni mwa mwingine, inatosha kumweka hai. Mwaka huo Safar alikuwa amempoteza binti yake kwa pumu. Alijua kwa ujuzi wake na kwa msiba wake kwamba dakika zinazoua ni zile za kabla ya kufika hospitali.

Mtu wa pili katika kisa hiki ni Phil Hallen, aliyeongoza mfuko wa hisani wa masuala ya afya mjini humo. Yeye alitaka mambo mawili kwa mpigo: huduma ya dharura kwa watu weusi, na kazi ya heshima kwa vijana wao. Mtaani kulikuwa na shirika dogo, Freedom House Enterprises, lililowatafutia wakazi ajira na hata kupitisha mboga kwa gari nyumba kwa nyumba. Safar, Hallen na shirika hilo wakakaa pamoja, na mwaka 1967 wazo la Freedom House Ambulance Service likazaliwa.

Walioandikishwa walikuwa watu ambao jiji lilikuwa limeshawakatia tamaa. Wengine hawakumaliza sekondari, wengine walikuwa wametoka vita vya Vietnam, wengine waliwahi kufungwa. Safar hakuwapunguzia kitu. Aliwaandalia mafunzo ya saa 300, wakati ambapo dereva wa ambulensi sehemu nyingi za Marekani hakudaiwa hata cheti cha huduma ya kwanza. Walisoma jinsi mwili ulivyoundwa na unavyofanya kazi, wakajifunza kufufua moyo na kuendesha gari kwa tahadhari, kisha wakapelekwa wodini, mapokezi ya dharura na chumba cha upasuaji wakafanye kwa mikono yao. Mwaka 1968 wakaingia barabarani, na katika mwaka wa kwanza waliitikia karibu miito 5,800.

Sasa njoo kwenye sare. John Moon alikuwa mhudumu wa kawaida katika hospitali moja ya Pittsburgh, kazi yake kusukuma vitanda na kuwageuza wagonjwa. Siku moja waliingia wanaume wawili weusi wenye sare nyeupe kumchukua mgonjwa. Moon amesimulia mara nyingi hadharani jinsi alivyopigwa na butwaa. Watu wa rangi yake, katika jengo lile, walikuwa wa kufagia na kusukuma. Hawa wawili walisimama kama wenye kazi yao, wakauliza maswali ya kitabibu, wakajibiwa. Palepale akakata shauri kwamba naye atakuwa hivyo, na mwaka 1972 akajiunga nao.

Nadhani hapa ndipo tunapoona sare inafanya nini hasa inapofanya kazi yake. Kwa mgonjwa, ilimwambia kwamba aliyefika si mkamataji. Kwa watu waliojaa kwenye korido nyembamba ya nyumba ya kupanga, iliwaambia wapishe nani na wamsikilize nani, bila mabishano ya dakika tano ambazo mgonjwa hana. Kwa mvaaji mwenyewe, ilimkumbusha kila asubuhi alipofunga vifungo kwamba anadaiwa kitu. Na kwa kijana mwingine aliyekuwa akisukuma kitanda, ilimfungulia njia.

Lakini sare ile ilikuwa na mipaka, na wao waliigundua haraka. Kulikuwa na wagonjwa weupe waliokataa kuguswa nao. Kulikuwa na polisi ambao hawakuwaita, hata walipokuwa karibu zaidi, na wahudumu hao wakalazimika kusikiliza redio za polisi ili wakimbilie tukio kabla mgonjwa hajatupwa nyuma ya karandinga. Kilichowafanya wakubalike mwishoni kilikuwa kile walichokifanya walipopiga magoti kando ya mtu aliyezimia.

Chukua tendo moja tu, la kupitisha mrija wa hewa. Mgonjwa amelala sakafuni, mwanga hafifu, ndugu wanalia. Mhudumu anashika kwa mkono wa kushoto kifaa chenye taa na bapa la chuma, anaingiza bapa upande wa kulia wa mdomo, anausogeza ulimi, kisha anainua mbele na juu bila kuegemea meno, maana akiegemea yanavunjika. Anatafuta nyuzi mbili za sauti, nyeupe, na katikati yake tundu jeusi. Mrija unapita hapo. Ukipita nyuma kidogo unaingia kwenye njia ya chakula, tumbo linajaa hewa na mtu anakufa huku kila aliye chumbani akidhani anatibiwa. Kwa hiyo anasikiliza tumboni kwanza, kisha kifua upande huu na upande ule. Hili halijifunzwi kwa kutazama. Watu wa Freedom House walilifanyia mazoezi chini ya madaktari wa usingizi mpaka mikono ikazoea, na wakawa miongoni mwa watu wa kwanza nchini mwao kulifanya nje ya hospitali.

Mwaka 1974 Safar alimkabidhi uongozi wa kitabibu daktari kijana, Nancy Caroline. Huyu alipanda magari pamoja nao, usiku na mchana, akawakosoa papo hapo na kuwafundisha tena. Serikali kuu ya Marekani ilipotaka mtaala wa taifa wa wahudumu wa dharura, Caroline alipewa kazi ya kuuandika, na vijana wa Hill District ndio waliokuwa kipimo cha kila somo. Kitabu chake, Emergency Care in the Streets, kikaja kusomwa na vizazi vya wahudumu. Wengi wao hawakuambiwa kwamba maarifa yale yalipimwa kwanza kwenye ngazi na vichochoro vya mtaa mmoja wa watu weusi.

Hapo jiji likaamka. Wakazi wa mitaa ya weupe walikuwa wameanza kuuliza kwa nini wao wapakiwe kwenye karandinga huku watu wa Hill wakihudumiwa na wataalamu. Swali lilikuwa la haki, na jibu lilikuwa jepesi: wapanueni hawa, wapeni magari zaidi, wafundisheni wengine. Meya Pete Flaherty akachagua njia nyingine. Jiji lingeanzisha huduma yake lenyewe, yenye nembo yake na sare yake, na mkataba wa Freedom House ungekoma. Ukakoma Oktoba 1975.

Caroline alisimama kidete akitaka watu wake wachukuliwe na jiji. Wakachukuliwa, kwenye karatasi. Kilichofuata kinafaa kusomwa polepole na kila ofisa utumishi, kwa kuwa hakuna amri hata moja iliyosema "wafukuzeni." Waliowahi kufungwa wakaondolewa, ingawa kifungo hicho kilijulikana tangu walipofundishwa. Mitihani ikawekwa kwa namna iliyowaangusha watu ambao kwa miaka saba walikuwa wakiokoa maisha. Vikosi vilivyozoeana vikavunjwa, kila mmoja akatupwa kituo chake, akawekwa chini ya wageni wa kazi, wengi wao weupe, waliokuwa na mafunzo machache kuliko yeye. Moon amesimulia jinsi wenzake walivyogeuzwa wabeba mikoba: mtu aliyejua kupitisha mrija akasimama nyuma na begi, akimtazama asiyejua akibabaika juu ya mgonjwa. Baadhi walivumilia. Wengi wakaondoka, mmoja baada ya mwingine, na kila aliyeondoka aliondoka na saa zake 300, na maelfu ya miito, na mikono yake.

Wakuu wa jiji hawakuwa wajinga, nami sitaki wasomwe hivyo. Waliona magari, vifaa, nembo, sare, redio, na wakaamini kwamba vitu hivyo ndivyo huduma. Vitu hivyo vinanunulika, vinahesabika kwenye bajeti, vinapigwa picha. Ubaguzi wa rangi uliwarahisishia kosa hilo, kwa kuwa ulikuwa umewafundisha kutomwona mtu aliye ndani ya nguo. Huduma ya jiji ilikuja kuimarika, ni kweli, lakini ilibidi ijifunze upya mambo ambayo mji ule ulikuwa nayo tayari. Mpaka mwishoni mwa miaka ya 1990, wahudumu wa dharura wa Pittsburgh walikuwa karibu wote weupe, katika mji uliojifunza kazi hiyo kutoka kwa watu weusi.

Watu wa Freedom House hawakupotea wote. Mitchell Brown, aliyetoka Freedom House, alikuja kusimamia usalama wa umma katika jiji la Columbus, Ohio. Moon aling'ang'ana ndani ya sare ya jiji mpaka akawa naibu mkuu, akastaafu mwaka 2009, na kabla ya hapo alikuwa akitafuta vijana weusi na kuwaingiza kazini. Mmoja wao, Amera Gilchrist, alikuja kuwa mkuu wa huduma ya dharura ya Pittsburgh mwaka 2023. Hesabu mwenyewe miaka iliyopita kutoka 1975.

Nancy Caroline, kwa upande wake, alikwenda Israeli, kisha akaja kwetu. Katika miaka ya 1980 alifanya kazi Nairobi na AMREF, shirika la madaktari wanaoruka kwa ndege kuwafuata wagonjwa wa vijijini. Mwanamke aliyepanda ngazi za Hill District na vijana wake alitembea Afrika Mashariki, na kisa chao kinatuhusu kuliko tunavyodhani.

Kwetu sasa ni zama za kujenga. Hospitali ya Muhimbili ilifungua idara yake ya tiba ya dharura mwaka 2010, ya kwanza Tanzania. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 43, inasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Magari mapya yanakabidhiwa kila mara: utepe unakatwa, funguo zinatolewa, ving'ora vinapigwa, dereva anasimama kando ya gari na sare inayong'aa. Ninafurahi nikiyaona magari hayo, kwa kuwa najua mama mjamzito anayevuja damu hawezi kubebwa kwa pikipiki. Lakini fungua mlango wa nyuma gari hilo likiwa njiani usiku. Mara nyingi utamkuta ndugu wa mgonjwa ameshika chupa ya maji ya dripu, au muuguzi aliyetolewa wodini ambaye hajawahi kufundishwa kuhudumia mtu ndani ya gari linaloyumba. Na zaidi ya mara moja gari la namna hiyo limekamatwa na mirungi ndani, jambo linalomuumiza kila mhudumu mwaminifu, kwa sababu siku inayofuata askari wa kizuizini atamsimamisha na yeye akiwa na mgonjwa wa kweli.

Upande wa pili tunao watu wasio na sare kabisa. Mfumo wa m-mama nchini Tanzania, unaopigiwa simu ya bure namba 115, huwaita madereva wa teksi wa kijijini pale ambapo hakuna ambulensi, wakampeleke mama mzazi au mtoto mchanga kituoni, kisha wakalipwa. Madereva hawa wanajua daraja lipi limezama masika, mlima upi unahitaji gia ndogo, nyumba ipi haina njia ya gari na mama lazima abebwe mpaka barabarani. Baadhi yao wamesikia vilio vya uchungu wa uzazi njiani mara nyingi kuliko wauguzi wapya.

Siku halmashauri zao zitakapopata ambulensi za kutosha, na nembo, na sare, majina ya madereva hao yawe mezani kabla ya tangazo la ajira kubandikwa. Anayetaka kusoma afundishwe kuanzia hapo alipo, kwa saa nyingi na kwa ukali uleule wa Safar. Kigezo cha cheti cha kidato cha nne, kikiwekwa, kisiwekwe siku moja baada ya wao kufanya kazi miaka kumi. Na sare ya kwanza kutoka kwa fundi apimwe mmoja wao.