Kitabu ni Kioo

Hapa Makumira, chini ya Mlima Meru, nimemaliza kusoma Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah ya mwaka 1994, aliyoifasiri Ida Hadjivayanis mwaka 2022. Yusuf, mtoto wa miaka 12, anatolewa kwa tajiri kwa ajili ya deni la babake. Na tajiri huyo ni mtu wa heshima, ambaye mtoto amezoea kumwita ami.

Huenda mtu akasema kitabu hiki kinatufedhehesha watu wa pwani. Mimi sikubali. Mwenye uso mchafu havunji kioo, hunawa.

Nilipokifunga, usiku umekwisha kwenda, binti wa jamaa aliyeletwa kwetu kusoma alikuwa bado anaosha vyombo. Naye huniita ami. Je, kwangu ni mwana au rehani? Mola atatuuliza, bora tujiulize kwanza.