Tupa, Msasa na Kifyatulio

Mhusika wa kisa hiki nimemuunda, lakini hakuna hatua aliyopitia ambayo mfugaji wa Kajiado hawezi kuipitia kesho. Ana boma nje kidogo ya Isinya, ng'ombe, mbuzi, na bunduki ya bolti ya bei nafuu, iliyokwisha kutumika, aliyoinunua kwa muuzaji mwenye leseni na kuikatia kibali kwa Bodi ya Leseni za Silaha. Ni mtu wa sheria. Nalitaja hilo mapema kwa sababu tukisikia bunduki imejeruhi mtu, fikira zetu hukimbilia kwa majambazi.

Fisi walikuwa wamemchosha. Usiku alipowalenga, kifyatulio kilikuwa kizito, mtutu ukayumba na risasi ikapita juu. Akaamua kuitengeneza silaha yake impendeze. Kitako alikichonga mwenyewe kwa mti wa oloirien, akakisugua mafuta mpaka kikang'aa na kutulia begani. Kazi hiyo aliifanya vizuri, na lau angeishia hapo kusingekuwa na kisa.

Akaifunga bunduki kwenye blanketi, akaipeleka Kitengela, kwenye karakana moja ya mageti kando ya barabara ya Namanga.

"Fundi, hiki kifyatulio ni kigumu sana."

"Lete tu mzee wangu, hiyo ni kazi ndogo."

Yule kijana hakuwa mwongo. Geti lake halilegei, na pikipiki iliyokufa huifufua. Alipiga tupa kidogo, akapitisha msasa kidogo, na kifyatulio kikawa laini kama mzee alivyotaka. Alilipwa, wakaagana vizuri.

Ndani ya bunduki ya bolti, pini inayogonga risasi husukumwa na springi yenye nguvu, na springi hiyo huzuiwa na ukingo mwembamba wa chuma ulioshikana na mwenzake. Kidole hakifanyi zaidi ya kuachanisha kingo hizo mbili. Ukizipunguza ili kidole kisichoke, umepunguza pia kile kinachoizuia bunduki kulia yenyewe. Na katika bunduki nyingi sefti hukizuia kifyatulio tu, haiigusi pini. Kwa hiyo mzee aliyefunga sefti yake na kuamini yuko salama alikuwa ameweka kufuli kwenye mlango uliong'oka bawaba.

Asubuhi moja, akitoka lindoni, aliiegemeza bunduki kwenye pikapu, risasi ikiwa ndani. Ikateleza. Kitako kikagonga jiwe, nayo ikalia. Mpwa wake, aliyekuwa akifungua zizi, alipigwa pajani. Kijana alipona, ila mfupa haukuunga sawasawa, na leo hawezi kuwafuata mbuzi umbali mrefu. Hospitali iliwaita polisi, kama ilivyopasa. Kibali kikachukuliwa, kesi ikafunguliwa, na fundi wa mageti akatafutwa naye, kwa kuwa Sheria ya Silaha, Sura ya 114, haimruhusu asiyesajiliwa kufanya biashara ya kutengeneza silaha.

Anayedhani natia chumvi kuhusu vifyatulio na aitazame Remington 700 ya Marekani, bunduki ya bolti iliyoanza kuuzwa mwaka 1962. Oktoba 2000, huko Montana, mama mmoja alifungua sefti ili atoe risasi. Bunduki ikalia na kumuua mwanawe wa miaka 9. Familia ililaumu kifyatulio, kampuni ikakana kasoro. Kisha Aprili 2014 kampuni hiyo hiyo ikawataka wateja wazirudishe bunduki zilizokuwa na kifyatulio chake kipya, zilizotengenezwa tangu Mei 2006. Sababu iliyotolewa ni gundi iliyozidi wakati wa kuunganisha vipande. Gundi tu, kiwandani, kwenye mashine za kupimia na wakaguzi! Ndipo nauliza: tupa ya karakana ya mageti ina nafasi gani hapo?

Kuchezea kufuli ya bolti na chemba, mahali risasi inapokaa, ni hatari kubwa zaidi. Risasi ya .308 inapolipuka, shinikizo ndani ya chemba hukaribia paundi 60,000 kwa inchi mraba. Tairi la gari dogo hujazwa kama 30. Katika miaka ya 1950 wapiganaji wa Mau Mau walitengeneza bunduki kwa mabomba ya maji na makomeo ya milango, na nyingine ziliwalipukia mikononi. Wao walikuwa msituni, hawakuwa na duka. Sisi tunalo.

Tena Kitengela si uwanda ule wa zamani. Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu 150,000 hapa. Risasi ya bunduki kubwa husafiri zaidi ya kilomita tatu, na sasa mbele yake kuna ploti, shule na mabati.

Mkono wa kujifundisha nauheshimu, na Kitengela imetoa mfano mkubwa wake. Richard Turere, mtoto wa boma lililopakana na Mbuga ya Taifa ya Nairobi, aliwahi kuibomoa redio mpya ya mama yake, naye mama akamkasirikia sana. Baadaye, akiwa na umri wa miaka 11 hivi, alitumia betri ya gari, paneli ya sola, kifaa cha indiketa ya pikipiki na balbu za tochi kutengeneza taa zinazomwekamweka kuzunguka zizi, simba wakadhani mtu anatembea na tochi. Mwaka 2013 aliyaeleza hayo jukwaani Marekani. Mwaka mmoja kabla, Juni 2012, wakazi wa Kitengela waliua simba sita siku moja baada ya mbuzi wao kuliwa. Hasira yao naielewa. Fidia ya serikali huchelewa mno.

Mzee wangu mwenye bunduki, chonga kitako upendavyo. Kifyatulio, bolti na chemba vipeleke kwa muuzaji wa silaha mwenye leseni, hata kama ni safari ya Nairobi na gharama inauma. Itoe risasi kabla hujaiegemeza popote. Na kabla ya yote, zungushia zizi taa.