Ndugu wa Chama Kimoja Wakishindana Muda Mrefu

Katika inchi ya Marekani mtu hawi Raisi kwa kushindana na chama kingine tu. Sharti kwanza ashindane na wenzake wa chama chake mwenyewe. Kila jimbo lina siku yake: mengine hupiga kura mwezi wa 1, mengine mwezi wa 3, na ya mwisho mwezi wa 6. Kadiri ya kura zile wagombea hupata wajumbe, na wajumbe wote hukutana kisha katika mkutano mkubwa wakamtaja mmoja. Uchaguzi huo wa kwanza huitwa mchujo, kama vile mama anavyochuja pombe machicha yakabaki kando. Tofauti ni hii tu, kwamba machicha ya mchujo huu ni watu wakubwa, wenye rafiki wengi na wenye hasira.

Pengine mmoja huwashinda wengine mapema, mambo yakaisha. Lakini pengine wawili huvutana miezi mitano, kila wiki wakitupiana maneno mbele ya inchi nzima, na huku chama kingine kimekaa kivulini kinatazama na kuandika. Hapo ndipo linapozaliwa swali ninalotaka tulitafakari pamoja, wasomaji wapenzi. Je, ndugu wa chama kimoja wana haki ya kushindana mpaka mwisho, au yampasa aliye nyuma aondoke mapema ili nyumba isibomoke? Tena maneno waliyoyasema, je, yanaweza kufutika?

Wazee wa vyama hivyo hujibu upesi: mashindano marefu huua. Nao wana mifano ya kutosha. Mwaka 1912 Theodore Roosevelt, aliyekuwa amekwisha kuwa Raisi, alishindana na Raisi Taft, rafiki yake wa zamani ambaye yeye mwenyewe alikuwa amemwinua. Katika kura za mchujo alimshinda hata katika jimbo la Ohio, nyumbani kwa Taft. Lakini mkutano wa Chicago ulimtaja Taft. Roosevelt akatoka kwa hasira, akaunda chama chake. Siku ya uchaguzi wale wawili pamoja walipata zaidi ya nusu ya kura zote, na bado aliyekuwa Raisi ni Woodrow Wilson wa chama kingine. Kati ya kura za majimbo Wilson alipata 435, Roosevelt 88, na Taft, Raisi aliyekuwa bado kitini, alipata 8.

Mwaka 1924 ilikuwa zamu ya Wademokrati. Walikutana New York, wakagawanyika kati ya McAdoo na Al Smith, gavana wa jimbo lile na Mkatoliki. Walibishana hata juu ya kukilaani kwa jina lake kile chama cha Ku Klux Klan, kilichowachukia watu weusi, Wayahudi na Wakatoliki. Wakapiga kura mara 103! Radio ilikuwa kitu kipya, ikawapelekea watu kelele zile mpaka nyumbani mwao. Mwishoni, kwa kuchoka, walimwacha McAdoo, wakamwacha na Smith, wakamtaja mtu wa tatu, John W. Davis, naye akashindwa vibaya na Coolidge.

Mfano unaotajwa zaidi ni ule wa 1980. Edward Kennedy alishindana na Raisi Carter wa chama chake. Alishinda New York mwezi wa 3 na California mwezi wa 6, lakini Carter alikuwa tayari na wajumbe wa kutosha. Hata hivyo Kennedy hakuondoka. Alikwenda mpaka mkutano wa mwezi wa 8 akiomba kanuni igeuzwe ili wajumbe wafunguliwe kutoka ahadi yao. Wakakataa. Usiku wa mwisho alipanda jukwaani, akampa Carter mkono, basi. Watu walikuwa wakingoja wainue mikono yao pamoja, kama ilivyo desturi, lakini hawakuinua. Mwezi wa 11 Reagan alipata kura za majimbo 489, Carter 49.

Hapa yatupasa kwenda polepole. Walimu wa falsafa huwaonya wanafunzi wao wasiseme: jambo hili lilikuja baada ya lile, basi limezaliwa nalo. Jogoo huwika kabla ya kupambazuka, lakini si yeye anayelileta jua. Mwaka ule wa 1980 bei za vitu zilikuwa zimepanda sana, na Wamarekani 52 walikuwa mateka katika inchi ya Iran. Watu hawakuhitaji Kennedy awafundishe kunung’unika. Mimi naona hivi: Kennedy alipata kura nyingi kwa sababu Carter alikuwa amekwisha kudhoofika. Homa si ugonjwa. Ni alama ya ugonjwa, ijapokuwa nayo humchosha mgonjwa.

Tena iko mifano inayokwenda kinyume. Mwaka 2008 Barack Obama, ambaye baba yake alitoka Kenya, na Hillary Clinton walishindana tangu tarehe 3 ya mwezi wa 1 mpaka tarehe 3 ya mwezi wa 6. Kila mmoja alipata kura zaidi ya milioni 17. Clinton alikikopesha chama chake cha kampeni zaidi ya dola milioni 10 kutoka mfuko wake mwenyewe. Katika majimbo ya Florida na Michigan, yaliyopiga kura kabla ya siku yao kinyume cha kanuni, waligombana mpaka siku za mwisho kama wajumbe wale wahesabiwe au wasihesabiwe. Wakati huo mshindani wao McCain alikuwa amekwisha kuushinda mchujo wa chama chake tangu tarehe 4 ya mwezi wa 3. Alikuwa na miezi mitatu ya amani. Na aliyeshinda mwezi wa 11 ni Obama.

Tena jambo moja lanivuta katika habari ile. Kwa kawaida majimbo yanayopiga kura mwezi wa 5 hayaulizwi kitu, maana mambo huwa yamekwisha. Mwaka ule, kwa sababu ugomvi ulikuwa bado haujaisha, wagombea wote wawili walikwenda Indiana na North Carolina, wakazunguka mitaani, wakaandikisha wapiga kura, wakapata wasaidizi katika vijiji ambavyo chama kilikuwa kimevisahau. Mwezi wa 11 Obama alishinda Indiana, jambo ambalo Mdemokrati hakulifanya tangu 1964, na North Carolina, tangu 1976. Siwezi kusema mchujo peke yake ndio uliofanya hivyo. Mabenki yalikuwa yakianguka mwaka ule na watu walikuwa na hofu. Lakini mtu anayesema kwamba aliye nyuma aondoke mwezi wa 3 “kwa ajili ya umoja”, sharti ajibu: na watu wa Indiana, je? Kwa haki gani sauti ya jimbo la kwanza ihesabiwe, ya jimbo la mwisho inyamazishwe? Umoja unaopatikana kwa kutowauliza wengine ni ukimya tu.

Na kukosa mashindano, je, kunaponya? Mwaka 2024 Raisi Biden hakupata mshindani wa kweli katika chama chake. Tarehe 21 ya mwezi wa 7 akajitoa, na Kamala Harris akatajwa pasipo kupita katika mchujo wowote, karibu bila neno la ubishi. Nyumba ilikuwa na amani. Alikuwa na siku zaidi kidogo ya 100 tu, akashindwa. Na mwaka 2016 upande wa pili walikuwa wametukanana vibaya mno; Trump alimtukana Ted Cruz, akamgusa hata mke wake na baba yake. Cruz alisimama katika mkutano wa Cleveland akakataa kumtaja Trump kuwa chaguo lake, wajumbe wakamzomea. Trump alishinda vilevile. Basi, tukitafuta sheria moja ya kusema mashindano marefu hushindisha au huangusha, hatutaiona.

Lakini swali la haki halijibiwi kwa kuhesabu nani alishinda. Tendo baya haliwi jema kwa sababu limeleta ushindi. Tuyaangalie basi maneno yenyewe.

Wanafunzi wa maadili hujifunza kupambanua kusingizia na kusengenya. Kusingizia ni kumtwika mwenzio kosa asilolifanya. Kusengenya ni kutangaza kosa lake la kweli pasipo sababu ya haki. Lakini ikiwapo sababu ya haki, kwa mfano mtu anayetaka kukabidhiwa fedha za watu naye aliwahi kuziiba, kusema si kusengenya tena, ni wajibu. Mtu anayeomba kuwa Raisi anaomba kukabidhiwa kila kitu. Kwa hiyo ndugu yake wa chama akiutaja upungufu wake wa kweli katika kazi ya serikali, sioni kosa.

Mtu atasema: anampa adui kisu! Ni kweli, hutokea. Mwezi wa 4 wa 1988 Al Gore alimwuliza Dukakis, gavana wa Massachusetts, juu ya mpango wa kuwapa wafungwa ruhusa ya kutoka kwa siku chache. Mfungwa mmoja mwuaji alikuwa ametoka hivyo, hakurudi, akatenda maovu mengine. Gore aliligusa jambo akapita. Watu wa Bush waliliokota, wakalipiga ngoma mpaka siku ya uchaguzi, na Dukakis akashindwa. Je, Gore alitenda vibaya? Mimi nasema hapana. Jambo lilikuwa la kweli na la serikali. Adui angeliona siku moja. Aliyelisikia mwezi wa 4 kutoka kinywa cha ndugu alikuwa na miezi saba ya kutafuta jibu. Katika mwezi wa 3 wa 2008 Obama alisikia watu wakimshtaki kwa maneno makali ya mchungaji wake. Tarehe 18 alitoa hotuba ndefu huko Philadelphia juu ya weusi na weupe, na mwezi wa 11 lile jambo lilikuwa limekwisha kuzeeka.

Kisu kibaya ni kingine. Mwezi wa 4 wa 1980 George Bush, yule mkubwa, aliuita mpango wa Reagan wa kodi na fedha kuwa ni uchumi wa uganga. Mwezi wa 7 alikubali kuwa makamu wa Reagan, akautetea mpango uleule. Tuulize sasa: alisema uongo lini? Yuko atakayemtetea, kwamba kusema “mwenzangu ni mdogo kuliko mimi” si kusema “mwenzangu hafai kabisa”, na kwamba mtu anaweza kumtumikia mkubwa asiyekubaliana naye katika yote. Jibu hilo ni zuri, nalo huwaokoa wengi. Bush halimwokoi kabisa, kwa maana hakusema mpango ule ni mdogo. Alisema ni ulaghai. Mwenye kusema hivyo, kisha akala mezani pale, amewafundisha watu kwamba maneno ya uchaguzi hayana uzito. Hilo nalihesabu kuwa hasara kubwa kuliko kushindwa, maana chama kilichoshindwa hujaribu tena baada ya miaka 4, lakini neno lililopoteza uzito harudi mtu kulipima.

Hapa ndipo urefu wa mashindano unapokuwa jambo lenyewe. Mwezi wa kwanza wagombea husema mipango yao. Mwezi wa pili mipango imekwisha kujulikana, na kama ni ndugu wa chama kimoja kwa kawaida inafanana. Lakini jimbo la mwezi wa 4 linataka neno jipya, na la mwezi wa 5 pia. Neno jipya litoke wapi, kama si kwa mtu mwenyewe: umri wake, rangi yake, mke wake, imani yake? Tena tendo moja la hasira hupita, bali tendo likirudiwa kila siku huwa tabia, nayo haiondoki kwa kupeana mikono jukwaani.

Imani nimeitaja kwa makusudi. Mwaka 1960 John Kennedy alikwenda kushindana na Humphrey katika West Virginia, jimbo lenye Wakatoliki wachache sana. Wengi walimwuliza wazi kama atamtii Papa au sheria za inchi. Yeye hakuwakwepa, alijibu. Na Humphrey, aliyekuwa na shida ya fedha na ambaye angaliweza kuichochea hofu ile, hakuifanya kuwa silaha yake. Tarehe 10 ya mwezi wa 5 Kennedy alishinda, na usiku uleule Humphrey akajitoa. Bila mchujo ule wakubwa wa chama wangaliendelea kusema kwamba Mkatoliki hawezi kupata kura za Waprotestanti, wakikumbuka kushindwa kwa Smith mwaka 1928.

Basi aliyeshindwa aondoke lini? Naona ana haki ya kukaa maadamu wako watu ambao bado hawajaulizwa. Kura ya mwisho ikiisha, haki hiyo imekwisha. Clinton mwaka 2008 alingoja mpaka majimbo yote yalipomaliza, na baada ya siku nne akatangaza kwamba atamsaidia Obama. Kule Denver, mwezi wa 8, yeye mwenyewe kutoka kati ya wajumbe wa New York aliomba kanuni ziwekwe kando, Obama atajwe kwa sauti ya wote. Kennedy mwaka 1980 alikaa hata baada ya watu kujibu, akaomba jibu ligeuzwe. Hapo sina la kumtetea.

Limebaki jambo moja ambalo magazeti huliandika kidogo. Wakubwa wakipatana, kila mmoja hupata kitu: Bush alipata umakamu, Clinton alipata wizara ya mambo ya inchi za nje, Harris aliyemshambulia Biden katika mdahalo wa 2019 akawa makamu wake. Mfuasi hakupata wizara. Yeye katika mwezi wa 4 aligombana na shemeji yake, akaacha kwenda kwa jirani, akasema mezani maneno ambayo mgombea wake hakuthubutu kuyasema mbele ya radio. Mwezi wa 8 anawaona wawili wale wanakumbatiana katika televisheni. Yeye hakuna aliyemwandikia hotuba ya kwenda kupatana na shemeji.