Deni Lililovaa Nguo ya Sadaka

Mwaka 2000 Paddy Henderson alikuwa akichangisha fedha kwa ajili ya watoto wa Bulgaria alipopigiwa simu na mama mmoja wa Salisbury, kusini mwa Uingereza. Wanangu wanalala na njaa usiku huu, alisema yule mama, nawe utafanya nini? Henderson na mkewe Carol wakaanza kukusanya makopo ya maharage na pakiti za tambi, wakavihifadhi kwenye banda la bustani na gereji. Kila kifurushi kilikuwa cha siku 3.

Banda lile ndilo lililozaa mtandao wa benki za chakula wa Trussell Trust. Mwaka 2008/09 mtandao huo uliwafikia watu wapatao 26,000. Mwaka 2023/24 uligawa vifurushi zaidi ya milioni 3.1, kazi kubwa ikifanywa na watu wa kujitolea. Kampuni ya sabuni ingepata mauzo ya namna hiyo ingefanya karamu. Benki ya chakula haijui icheke au ilie, kwa sababu mstari uleule unaopanda unapima mambo mawili yasiyotenganishika: wingi wa wema na wingi wa shida. Wenyewe wanatamka wazi kwamba wangependa siku moja wasihitajike.

Je, wema unaweza kukua kupita kiasi?

Mwanafalsafa Immanuel Kant aliuliza jambo la karibu na hilo mwaka 1797. Ikiwa mtu ana cha kutoa kwa sababu mfumo usio wa haki umempendelea yeye na kuwanyima wengine, je, anachotoa kinastahili kuitwa hisani? Msomaji wa pwani hahitaji kwenda hadi Ujerumani kulielewa swali hilo. Katika Uislamu zaka si sawa na sadaka: sadaka ni hiari ya mtoaji, zaka ni haki ya maskini iliyomo ndani ya mali ya tajiri. Anayepokea zaka amelipwa chake.

Kwenye benki ya chakula mpaka huo hufutika. Uingereza, baada ya mwaka 2010, misaada ya serikali ilibanwa. Baadaye ukaja mfumo mpya wa malipo, Universal Credit, ambamo mwombaji husubiri wiki 5 kabla ya fedha ya kwanza. Katika pengo hilo ndimo kifurushi kilimoingia. Kilichokuwa haki ya raia kikarudi kikiwa zawadi ya jirani, na zawadi ina masharti yake. Mwanaanthropolojia Marcel Mauss alionyesha mwaka 1925 kwamba zawadi isiyoweza kurudishwa humshusha aliyepewa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, ndiyo. Lakini nani aliyekisukuma mvunguni?

Wako wanaosema tatizo ni upotevu tu. John van Hengel, aliyeanzisha benki ya kwanza ya chakula huko Phoenix, Marekani, mwaka 1967, alianza kwa kuona vyakula vizuri vikitupwa na maduka. Hoja inavutia: huku ziada, kule njaa, kilichobaki ni lori. Tatizo ni kwamba mwanauchumi Amartya Sen alikwisha kueleza mwaka 1981 kuwa watu hufa njaa hata chakula kikiwapo, kwa kuwa hawana uwezo wa kukidai. Lori husogeza maharage. Uwezo wa kudai halibebi.

Mwanasosholojia Janet Poppendieck alikwenda mbali zaidi mwaka 1998: hisani hii, alidai, huwapunguzia wenye madaraka shinikizo. Huenda ni kweli. Ila ni rahisi kuyasema hayo ukiwa umeshiba, na anayepanga makopo Jumanne asubuhi hakuitunga bajeti ya taifa. Kumwambia aache ili serikali iaibike ni kuwatumia watoto wa watu kama mabango.

Njia yenye mantiki zaidi imeanza kuonekana ndani ya benki zenyewe. Vituo vingi vya Trussell sasa vina mshauri wa madeni na malipo ya serikali. Mtu aliyefuata kifurushi huketi naye, barua zake zikafunguliwa, ikatafutwa fedha anayostahili ambayo hajapewa. Kazi hiyo ni ya polepole, haipigiki picha nzuri, na wafadhili hupenda zaidi kuhesabu vifurushi.