Kanuni ni Kanuni?



Huku kwetu Ndanda, binti akichaguliwa Jangwani au Zanaki, ukoo mzima unatembea kifua mbele. Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, alisoma shule nyingine ya wasichana, katikati kabisa ya jiji la Dar es Salaam, akikaa Kariakoo kwa mama mkubwa. Mwaka 2019, akiwa kidato cha tatu, alishuka kwenye basi la Masasi na begi lake. Ana mimba, na shule ameondolewa.

Mimi nilikuwa likizo, mwaka wa pili wa falsafa, kichwa kimejaa Aristotle. Jioni tukimenya mihogo akaniuliza, "Frateri, kwa hiyo shule ndio basi?" Nikamjibu, "Kanuni ni kanuni, mdogo wangu."

Jamani! Hata Aristotle asingejibu hivyo. Alifundisha kwamba sheria hutungwa kwa ajili ya watu wote kwa jumla, ila maisha huja moja moja. Akasifia rula ya risasi ya mafundi wa Lesbos, inayopinda kufuata umbo la jiwe. Na swali hilo nililifanyia mtihani, nikafaulu vizuri tu.

Novemba 2021 serikali ikaruhusu waliokatishwa masomo kwa sababu ya ujauzito kurudi shule. Kwenye jumuiya wengine walinung'unika: si tunahalalisha dhambi? Nikawajibu, hapana, hii ni huruma. Nikajiona nimekomaa.

Baadaye neno hilo likanikwama. Tangu 2016 sheria inasema anayempa mwanafunzi mimba afungwe miaka 30. Kwetu wazee walikaa, hela kidogo ikapita, yakaisha "kifamilia". Yule kijana akamaliza chuo. Kwenye Yohana sura ya 8 nako waliletewa mwanamke peke yake, eti amefumaniwa. Kafumaniwa na nani?

Mtakatifu Thomas anasema haki ni kumpa kila mtu kilicho chake. Kama kosa ni la wawili na adhabu kabeba mmoja, kumrudisha darasani ni kumlipa deni. Huruma tulishaitoa, tena yote, kwa yule kijana, na wala hakuiomba.

Mdogo wangu hakurudi. Mlango ulipofunguliwa, mtoto alikuwa mdogo na nauli hakuna. Anauza maandazi stendi, nikipita ananifungia mawili bure. Bado ananiita Frateri.

Desemba nakwenda likizo. Sijui nitaanzaje kumwambia.