Mgongo wa Bibi

Tarehe 24 Novemba 2021 Waziri wa Elimu, Profesa Joyce Ndalichako, alitangaza kwamba msichana aliyejifungua ataruhusiwa kurudi shule. Safi sana. Lakini tangazo halibebi mtoto.

Tuseme binti yuko Iramba, shule iko mbali, inabidi apange chumba au akae bweni. Mtoto anabaki kwa bibi. Na shule hufunguliwa Januari, wakati huku Singida mvua imeshika na shamba la alizeti linataka palizi. Bibi anaingia shambani, jembe mkononi, mjukuu mgongoni. Hakuna aliyemuuliza. Tunasema tu "bibi yupo", kama vile tunataja kiti.

Sasa binti akisita kumtwisha mama yake mzigo huo, ni mwoga au ana utu? Mimi naona arudi shule, tena bila kuomba radhi. Ila deni lipo, na si lake peke yake. Baba wa mtoto (huyo huwa hatajwi kabisa, eti naye anasoma) anadaiwa siku za palizi. Wajomba nao. Na bibi aulizwe kwanza. Akisema amechoka, palizi ya mwaka huo itafutiwe mtu mwingine.